Nuru Bila Vioo: Istilahi za Leza Nasibu na Taa za Wavuvi wa Remba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza elimu ya leza nasibu, hususan zile zinazoundwa kwa punje ndogo mno za nusukipitishi na kuendeshwa kwa umeme. Hoja kuu ni kwamba maneno mengi ya msingi yanayohitajika tayari yamo katika kazi za wasemaji wa Kiswahili, na mfano unaotumika ni taa za wavuvi wa kisiwa cha Remba katika Ziwa Victoria. Hata hivyo, neno lililozoeleka haliwi istilahi kwa kuzoeleka tu. Sharti lipimwe: linafanana na dhana wapi, na linaachana nayo wapi.

1. Utangulizi

Limesikika mara nyingi dai kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya siasa na ya soko, lakini si lugha ya sayansi ya kina. Watetezi wa Kiswahili wamezoea kulijibu kwa kutaja kamusi na miradi. Hutajwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Hutajwa pia programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa kwa Kiswahili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Kamusi huthibitisha kuwa maneno yapo. Haithibitishi kwamba mwanafunzi akiyasoma ataelewa kitu.

Jibu la pili, ambalo hutolewa kwa nadra, ni kuchukua dhana moja ngumu na kuieleza kwa Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kuona lugha inashika wapi na inateleza wapi. Njia hiyo ndiyo inayofuatwa hapa. Dhana iliyoteuliwa ni leza nasibu, kifaa ambacho bado kiko zaidi katika maabara kuliko sokoni.

2. Remba na samaki mwenye majina matatu

Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, kusini-magharibi mwa Mfangano. Ukiendelea na maji kuelekea kusini utafika Migingo, upande wa Kaunti ya Migori. Nyumba za Remba ni za mabati, zimebanana, na kati yake hupita vichochoro vyembamba. Wanaoishi humo ni wavuvi na wafanyabiashara kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha.

Samaki mdogo anayevuliwa usiku katika maji hayo anajulikana kwa jina la kitaalamu la Rastrineobola argentea. Mjaluo humwita omena, Mtanzania humwita dagaa, na Mganda humwita mukene. Majina matatu hukutana katika ufuo mmoja na biashara haisimami. Mwanafunzi wa istilahi ana la kujifunza hapo: wingi wa majina si maafa katika mazungumzo, kwa kuwa wazungumzaji wanamwona samaki mwenyewe. Msomaji wa kitabu cha fizikia hana bahati hiyo. Elektroni haianikwi juani akaiona, na jina ndilo mlango wake wa kwanza wa kuingilia dhana. Jina likiyumba, dhana huyumba pamoja nalo.

3. Kutoka karabai hadi nusukipitishi

Omena huvuliwa kwa nuru. Katika usiku wa giza taa huelezwa majini, samaki huzifuata, na wavuvi huwazungushia wavu. Mbalamwezi inapokuwa kubwa nuru ya taa hupoteza nguvu yake ya kuvuta, na wengi hupumzika. Kwa miaka mingi taa iliyotumika ilikuwa karabai, yaani taa ya mafuta ya taa inayotumia shinikizo la hewa. Mvuvi huipiga pampu kwa mkono. Hewa huyasukuma mafuta kupanda, yakageuka mvuke, na mvuke ukaungua ndani ya kifuko cha kitambaa kinachong'aa weupe. Shinikizo likiwa dogo, mwanga huwa dhaifu na wa manjano. Likifika kiasi kinachotakiwa, taa hubadilika na kuwa nyeupe. Pampu ikisahauliwa, nuru hufifia.

Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha nishati mjini Mbita, katika mradi uliopewa jina la Kiswahili, Umeme kwa Wote. Nia yake ilikuwa kuwapa wavuvi na wakazi taa za betri zinazochajiwa kwa nguvu za jua, badala ya mafuta yanayokula sehemu kubwa ya pato la usiku. Baadaye taa za LED zilienea pande nyingi za ziwa, pamoja na vibamba vya sola vya kuzichajia. Badiliko hilo lilionekana kama badiliko la gharama tu. Kwa macho ya fizikia lilikuwa kuingia kwa nusukipitishi katika uvuvi.

Nusukipitishi ni kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba, wala kuuzuia kabisa kama kioo. Ndani yake elektroni hukaa katika viwango viwili vya nishati, cha chini na cha juu, na kati ya viwango hivyo kuna pengo ambamo elektroni haiwezi kutua. Elektroni ikipanda juu huacha tundu chini. Ikirudi kujaza tundu hilo, nishati ya pengo hutoka, na katika baadhi ya nusukipitishi hutoka kama nuru. Rangi ya nuru hutegemea upana wa pengo.

Kibamba cha sola hupokea nuru na kuzipandisha elektroni, tukapata umeme. Taa ya LED hufanya kinyume: umeme huleta elektroni upande mmoja na matundu upande wa pili, vikakutana katikati na kutoa nuru. Kwa hiyo mvuvi wa Remba mwenye sola juu ya bati na LED mashuani anatumia safari ile ile ya elektroni mara mbili, kwenda mchana na kurudi usiku.

4. Leza ya vioo viwili

Katika LED kila elektroni huteremka kwa wakati wake na nuru yake hutoka upande wowote. Huo huitwa utoaji wa hiari. Mwaka 1917 Albert Einstein alionyesha kwamba kuna utoaji wa namna nyingine. Chembe ya nuru, yaani fotoni, ikipita karibu na elektroni iliyo juu, inaweza kuichochea iteremke na kutoa fotoni ya pili iliyo sawa na ya kwanza kwa rangi, kwa mwelekeo na kwa hatua. Huo ni utoaji wa kuchochewa, na ndio moyo wa leza.

Vichochoro vya Remba vinaweza kusaidia kuifikiria hali hiyo. Mtu mmoja anaingia usiku akiimba. Katika kila nyumba aipitayo, aliye macho hutoka na kujiunga naye, kwa wimbo ule ule na mdundo ule ule. Aliyelala hufanya kinyume: mwimbaji humaliza sauti yake katika kumwamsha, na wimbo hunyamaza mlangoni hapo. Basi wimbo utakua ikiwa tu walio macho ni wengi kuliko waliolala. Katika leza sharti elektroni zilizo juu zizidi zilizo chini, na kwa kuwa hali hiyo si ya kawaida, lazima kuwe na nguvu ya kuzipandisha bila kukoma. Nguvu hiyo ndiyo inayoitwa pampu.

Hata hivyo, mwimbaji akipita mara moja na kutoka kijijini, kundi lake litakuwa dogo. Leza ya kawaida hutatua jambo hili kwa vioo viwili vinavyotazamana. Nuru huenda na kurudi kati yake, ikikua kila safari, na sehemu yake hutolewa kupitia kioo kimoja. Leza ya kwanza ilifanywa na Theodore Maiman nchini Marekani tarehe 16 Mei 1960, kwa fuwele ya yakuti. Mwaka 1962 zilifuata leza za kwanza za nusukipitishi, zilizoendeshwa kwa umeme moja kwa moja. Kila leza ina kizingiti: chini yake nuru inayopotea huzidi inayozalishwa, na kifaa hutoa mwanga wa kawaida; juu yake utoaji wa kuchochewa hushika hatamu.

5. Kuondoa vioo

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanafizikia wa Kisovieti Vladilen Letokhov alitoa wazo lililokuwa geni. Je, itakuwaje ikiwa vioo vitaondolewa, na mahali pake pakawekwa vikwazo vingi vidogo vilivyotawanyika bila mpango? Nuru itagonga kikwazo, igeuke, igonge kingine, na kwa kuwa njia yake ina kona nyingi, itakaa ndani muda mrefu hata bila kioo. Ikiwa katika muda huo inakuzwa kuliko inavyopotea, itavuka kizingiti.

Mfano wa kijiji unafaa tena. Badala ya barabara moja yenye ukuta kila mwisho, fikiria Remba yenyewe ilivyo. Mwimbaji anaingia vichochoroni, anakutana na pembe ya nyumba, anageuka, anakutana na nyingine. Hakuna aliyepanga njia yake. Lakini kadiri kona zinavyozidi, ndivyo anavyopita milango mingi zaidi kabla ya kufika ufuoni. Msongamano wenyewe umefanya kazi ya vioo.

Mwaka 1994 Nabil Lawandy na wenzake walionyesha nuru yenye dalili za leza katika mchanganyiko wa rangi ya maji na punje za oksidi ya titani, dutu inayoipa rangi ya ukutani weupe wake. Mwaka 1999 kundi la Hui Cao, wakati huo katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, lilitoa ripoti ya leza nasibu katika unga wa nusukipitishi, yaani oksidi ya zinki. Punje za unga huo zilikuwa za kipimo cha nanomita 100 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Punje ya kiasi hicho hufanya kazi mbili kwa pamoja: huikuza nuru, na pia huitawanya.

Zinki si ngeni Remba. Ndiyo inayopakwa juu ya mabati ya kawaida ili yasishikwe na kutu. Oksidi yake ina pengo la nishati la elektronivolti 3.3 hivi, na nuru itokayo ni ya urujuanimno, karibu na nanomita 380. Urujuanimno ni nuru iliyo ng'ambo ya zambarau, ambayo jicho la binadamu haliioni.

6. Tatizo la pampu

Leza nasibu za mwanzo zilipigwa pampu kwa nuru: leza kubwa ya maabara ilimulikia unga mdogo ili nao uwe leza. Hiyo ni sawa na kubeba jenereta mashuani ili kuwasha kijitochi. Kifaa kitakachotumika nje ya maabara sharti kipokee umeme na kutoa nuru chenyewe, kama LED. Hapa ndipo ugumu ulipo, na una sababu kuu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya dutu. Oksidi ya zinki kwa asili ina elektroni za ziada. Kuifanya iwe na matundu mengi, na iendelee kuwa hivyo, ni kazi iliyowashinda wengi. Bila matundu, elektroni hazina pa kuteremkia. Watafiti wamelikwepa tatizo hili kwa kuiunganisha oksidi hiyo na dutu nyingine yenye matundu, kama vile nitridi ya gali, au kwa kuweka utando mwembamba wa kihami kati yake na metali. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang nchini China walitumia njia hii ya pili. Walitoa ripoti ya leza nasibu ya urujuanimno iliyopigwa pampu kwa umeme, kutoka utando wa oksidi ya zinki uliolazwa juu ya silikoni.

Sababu ya pili ni ya umbo, nayo ndiyo yenye mafunzo zaidi. Nuru inahitaji vikwazo ili ikawie. Umeme unahitaji njia iliyonyooka ili upite. Unga wenye punje zilizoachana huitawanya nuru vizuri, lakini elektroni hukwama penye kila mwanya, na nishati yake hugeuka joto. Unga ukishindiliwa mpaka punje zishikane, umeme hupita ila nuru hukosa kona. Vichochoro vinavyomkawiza mwimbaji ndivyo vinavyomtesa mchukuzi mwenye gunia la omena kichwani.

Suluhisho mojawapo ni kuotesha vijiti vya nanomita vilivyosimama wima, mithili ya mabua ya mtama shambani. Umeme hupanda kwa kufuata urefu wa bua, ambako njia haijakatika. Nuru husafiri kwa upande, ikigonga bua hili na lile, kwa kuwa hayakupandwa kwa mstari. Hivyo nasibu imeachiwa nuru, na mpangilio umeachiwa umeme.

Faida inayotarajiwa si ya nadharia tu. Leza ya kawaida ikimulika kitu ili kipigwe picha, mawimbi yake yanayokwenda sanjari huingiliana na kutia picha madoadoa. Mwaka 2012 Brandon Redding, Michael Choma na Hui Cao walionyesha kuwa leza nasibu inaweza kutoa mwanga mkali usiotia madoadoa hayo, jambo lenye manufaa kwa hadubini na picha za tiba. Inafaa kuongeza kwamba leza hizi hazikusudiwi kuchukua nafasi ya taa ya mvuvi. Omena hawahitaji leza, na urujuanimno ni hatari kwa macho.

7. Kupima istilahi

Baada ya dhana kueleweka, majina yanaweza kupimwa. Mtaalamu wa Uganda, K. B. Kiingi, alipendekeza kigezo kinachojulikana kama PEGITOSCA, chenye sifa tisa: usahihi, uwekevu, uzalishi, ukimataifa, uangavu, ustaha, mfumo, ulinganifu na kukubalika. Si rahisi istilahi moja kutimiza zote. Kazi ya mwanaisimu ni kujua ipi imekosekana na hasara yake ni nini.

Leza. Neno hili limetoholewa kutoka kifupisho cha Kiingereza ambacho kwa ukamilifu humaanisha ukuzaji wa nuru kwa utoaji wa mnunurisho uliochochewa. Limepata ukimataifa na uwekevu, limekosa uangavu. Hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa hata msemaji wa Kiingereza haoni maana ndani yake mpaka afundishwe.

Nasibu. Maneno yanayoshindana nalo ni holela na ovyo. Yote mawili hubeba lawama: kinachofanywa ovyo kimefanywa vibaya. Leza hii haikufanywa vibaya. Mtawanyiko wake umekusudiwa. Neno nasibu halina lawama, na tayari limo katika takwimu, tunaposema sampuli nasibu. Ulinganifu wadai litumike hapa pia. Kasoro yake ni kwamba sikio la kawaida hulisikia katika bahati nasibu, likadhani kwamba leza hii huwaka siku moja na kukataa siku nyingine. Mwalimu hana budi kueleza kwamba kilicho nasibu ni njia ya nuru, si kuwaka kwake.

Pampu. Hapa zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutumia kitenzi kusukuma. Neno ni la Kibantu na ni jepesi, lakini linapotosha, kwa maana kinachosukumwa huhama mahali pake kikaenda mbele. Elektroni za leza hazitakiwi kwenda mbele tu. Zinatakiwa kupanda kiwango. Njia ya pili ni kupiga pampu. Muundo huu una ndugu wengi katika lugha, kama kupiga simu na kupiga pasi, na mtu yeyote aliyewahi kuwasha karabai anaujua. Unabeba mambo matatu ambayo dhana inayahitaji: kuna akiba ya nguvu inayojazwa, kuna kiasi ambacho chini yake taa haiwi taa, na kazi ikikoma nuru hufifia.

Mfano wa karabai nao una mpaka wake. Katika karabai kinachopanda ni mafuta, nayo huungua yakaisha. Katika leza elektroni haziishi. Hupanda na kushuka tena na tena. Mwalimu asiyetaja mpaka huu atamwacha mwanafunzi akitafuta tangi ndani ya fuwele.

Linabaki swali la kifungu kizima. Mtu akiandika leza ya pampu ya umeme, msomaji wa mjini atafikiria pampu ya maji inayotumia umeme. Makala haya yanapendekeza kwamba katika kutajwa mara ya kwanza iandikwe leza nasibu inayopigwa pampu kwa umeme, na baadaye, kwa uwekevu, leza ya pampu-umeme, ikitofautishwa na leza ya pampu-nuru. Jozi hii inatimiza sharti la mfumo: aliyeelewa moja ataikisia nyingine.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba dhana ya leza nasibu inaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kuazima sentensi za lugha nyingine, na kwamba msaada mkubwa umetoka kwa karabai, mabati, vichochoro na mabua ya mtama. Imeonekana pia kwamba mfano usiowekewa mpaka huzaa kosa jipya badala ya lile la zamani. Kwa hiyo anayeunda istilahi za sayansi ana safari mbili za kufanya. Ya kwanza ni kwenda kwa mwanafizikia kuuliza kinachotokea ndani ya fuwele. Ya pili ni kwenda ufuoni kuuliza taa inawashwaje.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu wanachama wake wengi wametoka vijijini na ufuoni, na baadhi yao watakuwa walimu huko huko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itakuwa na uzito darasani siku mtoto wa mvuvi wa Remba atakapoulizwa kwa nini taa ya LED huwaka, akaweza kujibu kwa lugha aliyoitumia jana yake kuuza omena.